Samaki wa Akwaponiki ya Nyumbani: Anza na Joto la Maji, Kisha Tafuta Muuzaji

Anayetaka kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale huuliza kwanza ni samaki gani anayekua haraka. Swali linalotangulia hilo ni jingine: alfajiri ya msimu wa baridi, maji ya tangi lako yana nyuzi ngapi? Weka tangi mahali litakapokaa, lijaze, usome kipimajoto kabla jua halijachomoza na tena alasiri, kwa siku saba mfululizo. Ukiona alfajiri na alasiri zinapishana kwa zaidi ya nyuzi tano, shida ni tangi dogo au lililo wazi, na hakuna samaki atakayelitatua hilo.

Perege, ambaye wengine humwita sato, hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 27 na 30 za Selsiasi. Chini ya 20 hudumaa, yakikaribia 16 huacha kula, na yakifika 11 au 12 huanza kufa. Trauti ni kinyume chake: anataka nyuzi 10 hadi 16, oksijeni nyingi, na yakipita 21 yuko hatarini. Mtu mwenye maji ya baridi atavutwa na trauti, lakini akumbuke kwamba bakteria wanaogeuza amonia (sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki) kuwa nitrati (chakula cha mimea) hulegea sana kwenye nyuzi 10, na nyanya na pilipili hazipendi mizizi ya baridi. Hapo panafaa mboga za majani, na mfumo mzima uendeshwe taratibu.

Kambare anapenda joto kama perege na ana sifa inayowapotosha wengi: anaweza kuvuta hewa juu ya maji, hivyo pampu ikizimika usiku kucha asubuhi bado yu hai. Bakteria na mizizi hawana uwezo huo. Siku chache baadaye amonia inapanda na mwenye mfumo hajui kwa nini, maana samaki wote wanaogelea vizuri. Ukimfuga kambare, weka hewa ya kutosha kana kwamba unafuga perege: oksijeni isishuke chini ya miligramu 5 kwa lita. Funika tangi kwa wavu, kwa kuwa huruka na kutambaa, na ziba mdomo wa bomba la kutolea maji.

Chakula nacho kinaamua. Perege waliokwisha kuanza kukua hutosheka na tembe za chakula zenye protini ya asilimia 30 hivi. Kambare na trauti wanahitaji karibu 40. Kadiri protini inavyozidi ndivyo naitrojeni inavyozidi majini, kwa hiyo gramu 100 za chakula cha kambare zinahitaji mimea mingi kuliko gramu 100 za chakula cha perege. Asiyetaka kula samaki wake aweke samaki wa dhahabu au koi. Wanavumilia makosa mengi na mboga hazijali samaki ni wa aina gani.

Sasa idadi. Kikomo cha mfumo mdogo ni kilo 20 za samaki kwa lita 1,000, na kwa anayeanza tunashauri nusu yake. Tangi la lita 500 basi libebe kilo 5 siku ya kuvuna: perege 10 wa gramu 500 kila mmoja. Nunua 12, ufidie watakaokufa. Wakifikia uzito huo watakula asilimia 1.5 ya uzito wao kwa siku, yaani gramu 75, na mboga za majani zinahitaji gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Kwa hiyo eneo lako la mboga ni mita 1.5 za mraba.

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Vifaranga 12 wa gramu 10 wana gramu 120 tu kwa jumla, na wanakula gramu 6 hivi kwa siku. Mboga zilizojaza eneo lote zitageuka manjano, na mwenye mfumo atakimbilia kuongeza samaki. Miezi michache baadaye tangi limefurika. Dawa ni kupanda miche michache na kuiongeza samaki wanavyokua.

Usilete samaki siku unapojaza maji. Bakteria wajengwe kwanza kwa kutia amonia kidogo kidogo, kazi inayochukua wiki 3 hadi 6, zaidi kukiwa na baridi. Tangi liko tayari pale amonia uliyotia leo, pamoja na nitriti (hatua iliyo kati ya amonia na nitrati) inayotokana nayo, vinapoisha ndani ya saa 24 huku nitrati ikionekana kwenye kipimo.

Wakati bakteria wanajengeka, tafuta kituo cha kuzalisha vifaranga. Samaki wa kuvuliwa mtoni au ziwani achana nao: huja na minyoo na chawa wa samaki, hawajui tembe, na katika mfumo uliofungwa vimelea hawana pa kwenda ila kuzaana. Uliza pia kwa mamlaka ya uvuvi kama aina unayoitaka inaruhusiwa. Sehemu nyingi hudai kibali kwa samaki wageni, na samaki wa tangini kamwe hamwagwi mtoni.

Muuzaji aulizwe vifaranga wana umri gani, wanakula tembe za ukubwa gani, maji yake yana joto na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ngapi, na lini mara ya mwisho walikufa kwa wingi. Anayefuga perege aulize kama ni madume watupu. Perege huzaa akiwa bado mdogo, hata chini ya gramu 50, na tangi lenye jinsia zote hujaa watoto wanaogombea chakula huku wakubwa wakidumaa. Vituo vingi hupata madume kwa kuwalisha vifaranga chakula chenye homoni wiki 3 hadi 4 za mwanzo. Asiyetaka hivyo atenganishe kwa mkono wakifikia gramu 30 hivi: mgeuze samaki tumbo juu, utazame nyuma ya tumbo. Dume ana matundu mawili, jike matatu. Tundu la ziada la jike ni mfano wa mkato mwembamba ulio katikati, na tone la wino wa kutiwa kwenye chakula hulidhihirisha.

Pale kituoni pitisha kivuli cha mkono juu ya tangi. Wazima hutawanyika papo hapo. Wanaobaki wameelea juu wakitweta, waliobana mapezi, wenye madoa meupe au mgongo uliopinda, waache, na ukiona wengi wa namna hiyo liache tangi zima. Wawe wa kimo kimoja. Kambare akimzidi mwenzake mara mbili kwa urefu, humla. Perege wa gramu 5 hadi 10 ndiye mwepesi kusafirisha.

Wasipewe chakula siku moja kabla ya safari, wasije wakachafua maji ya mfuko. Mfuko uwe na theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, uwekwe kivulini. Safari ikiwa ndefu, kaboni dayoksaidi hujikusanya na kushusha pH, na pH ikiwa chini amonia huwa haina makali. Mfuko ukifunguliwa gesi hutoka, pH hupanda, na amonia ile ile inakuwa sumu. Kwa hiyo uelee ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha ufungue, changanya maji ya tangi kidogo kidogo kwa dakika 10, na uwahamishe kwa wavu. Maji ya mfuko hayaingii tangini.

Wapelekwe kwanza kwenye tangi la karantini lenye hewa na chujio lake, wiki 2 hadi 3. Vimelea vya nje na utelezi uliozidi hupunguzwa kwa kuwaogesha humo ndani ya ndoo yenye hewa, gramu 10 za chumvi kwa lita, dakika 10. Anayelala ubavu atolewe mara moja. Chumvi hiyo, pamoja na formalini, mrututu na viuavijasumu, isiguse mfumo wenyewe. Chumvi huunguza mimea, dawa nyingine huua bakteria au hubaki kwenye mboga unazokula. Siku ya kwanza usiwalishe. Ya pili toa kiasi wanachomaliza kwa dakika 5, na ukikuta tembe zimebaki, zitoe na upunguze mlo unaofuata.