IGMP haiwashwi kwenye swichi

"Washa IGMP kwenye swichi, picha zitatulia." Mafundi wa CCTV na wa televisheni za hotelini hupeana ushauri huu kila siku, wakimaanisha swichi ya mtandao, ile inayounganisha vifaa kwa kebo. Shida ni kwamba kitufe wanachobonyeza hakiwashi IGMP.

IGMP ni mazungumzo kati ya kifaa na rauta kuhusu maltikasti, yaani kutuma data moja kwa kundi zima la vifaa vinavyoitaka. Rauta inauliza kupitia anwani 224.0.0.1, kwa kawaida kila sekunde 125: kuna anayetaka kundi lolote? Kifaa kinachotaka kinajibu ndani ya sekunde 10 kwa kutaja anwani ya kundi lake, tuseme 239.1.1.5. Katika toleo la 2, mmoja akishajibu, wenzake wa kundi hilo hunyamaza. Rauta haitafuti idadi, inatosha ijue kwamba yupo anayetaka. Kwenye IPv6, toleo jipya la anwani za intaneti, kazi hiyo ni ya itifaki nyingine, MLD.

Sasa swichi imeingiaje hapa? RFC 1112 ya mwaka 1989 (RFC ni hati za taratibu za intaneti), iliyoeleza toleo la 1 la IGMP, inahusu kompyuta na rauta tu. Swichi inadukiza: inategea sikio majibu yanayopita, inaandika poti zilizojibu, kisha inapeleka video huko tu badala ya kuimwaga kila poti. Hiyo ndiyo snupingi, na ndiyo inayowashwa na kile kitufe. Kiswahili kinalo neno lake, udukizi, na lisichanganywe na udukuzi wa kuvunja mifumo. Hata RFC 4541 ya mwaka 2006, inayoeleza swichi idukize vipi, ni mapendekezo, si kiwango rasmi.

Mdukizi hasikii kitu pasipo mazungumzo. Chukua mtandao wa kamera usio na rauta ya maltikasti, halafu washa snupingi. Unafungua picha, inakuja safi, kwa sababu kifaa kinapojiunga hutuma taarifa bila kuulizwa. Baada ya hapo hakuna anayeuliza, kwa hiyo hakuna anayejibu tena. Swichi inahesabu sekunde 260, yaani 125 mara mbili kuongeza 10, kisha inaifuta poti na picha inaganda. Fundi anafunga na kufungua upya, picha inarudi, na dakika nne na kidogo baadaye inaganda tena. Hapo wengi hubadilisha kebo, na wengine huzima snupingi kabisa, kisha video inamwagika hadi kwenye simu za mezani na printa.

Kinachokosekana ni muulizaji. Mteue kwenye swichi ya katikati na umpe anwani ya IP katika VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) hiyo hiyo ya kamera. Swichi nyingi zinazosimamiwa zina uwezo huo. Wakiwa wawili si tatizo: katika toleo la 2 na la 3, mwenye anwani ndogo ndiye anabaki akiuliza.

Kwa hiyo, fundi mwenzetu, unapomwelekeza mtu mwambie "washa snupingi", na kabla hajabonyeza muulize: kwenye VLAN hiyo, nani anauliza?