Kirukia: Kijani Kinachoning'inia Kiangazi

Kiangazi, mti ukishapukutisha majani, huenda ukaona tawi moja limebaki na kichaka kibichi kinachoning'inia. Hilo si chipukizi, ni kirukia, mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine.

Virukia ni vya aina nyingi. Kimojawapo kinachofika Pwani yetu ni Erianthemum dregei, kilichoenea kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini. Maua yake ni membamba kama njiti, na yana manyoya laini. Tunda likiiva huwa jekundu au la rangi ya chungwa.

Wengi hukiita mnyonyaji, na ni kweli, ila kwa nusu tu. Kwa kuwa kina majani ya kijani, sukari hujitengenezea kwa mwanga wa jua. Kinachoiba ni maji na madini. Mzizi wake haugusi udongo kamwe: hupenya gome la tawi hadi kwenye njia za maji. Na ili maji yaelekee upande wake, majani yake huyatoa hewani kwa wingi kuliko yale ya mti wenyewe. Katika mchanga wa Pwani usiohifadhi maji, ndiyo maana tawi hukauka kuanzia pale kiliposhika hadi nchani.

Anayekipanda ni ndege, hasa kitororo, yule mdogo anayegonga "tok-tok-tok" mchana kutwa. Humeza tunda, kisha hutoa mbegu iliyojaa ulimbo na kuifutia tawini. Ndege hupenda kutua kwenye mti uliosimama peke yake, na kirukia kinapenda jua. Hivyo mwembe wa katikati ya shamba huvamiwa kuliko miti ya msituni.

Kukivunja kwa mkono ni kazi bure, kwani mzizi uliobaki ndani ya tawi huchipua tena. Kata tawi lenyewe kwa msumeno, walau sentimita 30 kutoka kiliposhika kuelekea shinani, kabla matunda hayajaiva. Kikiwa kwenye shina kuu, punguza majani yake kila msimu.

Cha msituni kiacheni. Ndege aitwaye chozi hunywa nekta ya maua yake, na viwavi wa baadhi ya vipepeo hawali kingine isipokuwa majani ya virukia. Kikifa, pale kilipokuwa kimeshika hubaki kipande cha mbao kilichojikunja mithili ya waridi; kusini mwa Afrika watu huyaokota maua hayo ya mbao na kuyauza kama mapambo.