Je, wajua kwa nini jina la sinema linatutoka lakini chupa ya soda inabaki?

Alasiri moja nilikuwa Manzese, kwenye duka la muvi lenye kompyuta moja, feni moja na benchi la wateja. Akaingia mzee mmoja, flashi mkononi.

"Shikamoo mzee," kijana wa duka akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Natafuta picha moja ya Kihindi, ya zamani. Kuna jambazi ana ndevu, anatafuna tumbaku. Anatembea juu ya majabali huku anaburuza mkanda. Jina limenitoka kabisa."

"Sholay hiyo, mzee. Weka flashi."

Haikuchukua hata nusu dakika. Sholay ilitoka mwaka 1975 na ina urefu wa zaidi ya saa tatu. Katika saa zote hizo mzee alibeba vitu vinne tu, ndevu, tumbaku, majabali na mkanda, na kijana ambaye hata hakuwa amezaliwa picha hiyo ilipotoka akaitambua papo hapo. Tangu siku ile swali limenikaa kichwani: kwa nini jina, ambalo ni neno moja tu, lilipotea, na mkanda unaoburuzwa juu ya jiwe ukabaki karibu nusu karne?

Tuanze na jina. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza waliwaonyesha watu sura wasizozifahamu, wakawafundisha jina la ukoo na kazi ya kila mmoja. Ujanja wa jaribio lile ulikuwa kutumia maneno yanayoweza kuwa vyote viwili. Kwa Kiingereza, Baker ni jina la ukoo, na pia ni mwokaji mikate. Walioambiwa kwamba mtu huyu kazi yake ni kuoka mikate walikumbuka vizuri zaidi kuliko walioambiwa kwamba jina lake ni Baker. Neno ni lilelile! Tofauti ni kwamba ukisikia mwokaji mikate, akili inaona tanuri, unga na harufu ya asubuhi, kwa hiyo neno linapata pa kushika. Jina linaning'inia peke yake.

Sasa fikiria hali ya Dar es Salaam. Mtu aliyekwenda kuona picha Avalon, Empire, Empress au Cameo miaka ya sabini alikutana na Kihindi, Kiingereza, picha za Kichina na hata za wachunga ng'ombe zilizotengenezwa na Waitaliano. Kwa watazamaji wengi, jina la picha lilikuwa mlio tu. Kwa hiyo mji ukajiwekea utaratibu wake: picha ikaitwa kwa steringi wake. "Umeiona ile ya Bruce Lee?" "Ipi?" "Ile ya vioo." Hapo hakuna aliyehitaji kutamka Enter the Dragon. Vioo vilitosha, maana pambano la mwisho la picha hiyo ya 1973 linapiganwa ndani ya chumba kilichojaa vioo, na hujui adui yuko upande gani.

Hata hivyo jina linalotutoka huwa halijafutika. Mwaka 1966, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roger Brown na David McNeill, waliwasomea watu maana za maneno adimu na kuwataka wayataje. Wale waliohisi kwamba neno lipo mdomoni ila halitoki, mara nyingi waliweza kusema linaanza na herufi gani au lina silabi ngapi. Ndiyo maana mteja anaweza kukuambia, "Inaanza na T, ni neno refurefu," akawa amesema kweli. Usimdharau.

Upande wa picha, uwezo wetu ni wa kushangaza. Mwaka 1973 Lionel Standing alichapisha jaribio ambalo mimi huliwaza kila nikipita kwenye maduka haya. Watu walionyeshwa picha 10,000 kwa siku kadhaa, kila moja mara moja, kwa sekunde chache. Baadaye wakawekewa picha mbili mbili, moja waliyoiona na moja ngeni, wachague ile waliyoiona. Walipatia mara 83 hivi katika kila 100. Nani anaweza kukariri majina 10,000 kwa kuyasikia mara moja?

Lakini si kila tukio linabaki, na hapa ndipo pananipendeza zaidi. Ukiwauliza watu, wengi hawatakutajia tukio kubwa. Chukua Jurassic Park ya 1993. Kuna mijusi mikubwa kama nyumba, kuna kukimbizana, kuna makelele. Kinachosimuliwa ni maji ndani ya glasi: gari limesimama usiku, mvua inanyesha, na juu ya dashibodi maji yanaanza kutetemeka na kuchora miduara. Mnyama mwenyewe hata hajafika. Waliotengeneza filamu hiyo walipata miduara ile kwa kufunga uzi wa gitaa chini ya dashibodi na kuupiga. Naamini tukio lile linashika kwa sababu ya utulivu wake. Kwenye kukimbizana jicho lina kazi nyingi, linarukaruka, haliweki chochote. Kwenye glasi ya maji hakuna kingine cha kutazama, na moyo tayari unadunda.

Huo mdundo wa moyo una kazi yake. Mwaka 1996 Larry Cahill na wenzake huko California waliwaonyesha watu vipande vya filamu huku wakipima shughuli ya ubongo. Wiki tatu baadaye wakawauliza wanakumbuka vipi. Waliokumbuka vipande vingi vya kusisimua ndio ambao amigdala yao, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi, ilichangamka zaidi wakati wa kutazama.

Sababu nyingine ni ugeni wa kitu. Mjerumani Hedwig von Restorff alionyesha mwaka 1933 kwamba kitu kisichofanana na wenzake ndicho kinachokumbukwa: namba moja katikati ya silabi nyingi, kwa mfano. Sinema nzuri zinaujua mchezo huo. Katika The Gods Must Be Crazy ya 1980, rubani anatupa chupa ya Coca-Cola kutoka angani, inaanguka Kalahari mbele ya mtu ambaye hajawahi kuona kitu kama hicho. Chupa ile ile tunayoirudisha dukani kwa Mangi imekuwa muujiza. Muulize mtu yeyote aliyeiona picha hiyo miaka ya themanini, hapa Dar, kama anakumbuka jina lake. Atakujibu, "Ya chupa."

Au yule jamaa wa upanga. Kwenye Raiders of the Lost Ark ya 1981, mtu mkubwa aliyevaa nguo nyeusi anajitokeza sokoni, anazungusha upanga kwa madaha. Watazamaji wote wanajiweka sawa kwa pambano refu. Steringi anamtazama, anachomoa bastola, anapiga risasi moja, basi. Pambano refu lilikuwa limeandikwa kweli, lakini Harrison Ford aliumwa tumbo vibaya wakati wa kurekodi huko Tunisia, wakalifupisha. Ugonjwa ule ukazaa tukio ambalo watu hawalisahau, kwa kuwa linavunja kila kitu tulichofundishwa na picha nyingine.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo naona linastahili heshima kubwa zaidi katika maelezo haya: kusimuliana picha. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Ukiona picha, umeiona. Asiyekuwa na kiingilio alikaa barazani kumsubiri aliyekuwa nacho. "Haya, simulia!" Na msimulizi alisimama, akapiga ngumi hewani, akatoa mlio wa bastola kwa mdomo, akaanguka kama adui. Jumatatu akarudia shuleni. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walithibitisha kwa majaribio kwamba kulitoa jambo kichwani mara kwa mara hulikaza kuliko kulisoma upya. Watoto wa Dar walikuwa wakifanya hivyo barazani bila kujua kwamba ni mazoezi ya kumbukumbu. Kilichosimuliwa kilikuwa tukio. Jina halikusimuliwa, likapauka.

Ila kusimulia kuna gharama yake. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge aliandika kuhusu Waingereza aliowapa ngano ya Wahindi Wekundu waisome na kuisimulia tena na tena. Mtumbwi ukageuka boti. Kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Kila mtu aliisogeza hadithi karibu na kwao. Ndivyo ilivyo pia kwa ile kauli maarufu ya Darth Vader katika The Empire Strikes Back ya 1980. Dunia nzima inamnukuu akianza kwa kutaja jina la Luke, mwanawe, na hakulitaja. Anasema, "Hapana, mimi ni baba yako."

Vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video mtaani, vimeongeza utamu wake hapo. Watafsiri wa muvi, na Derek Mukandala maarufu kama Lufufu ni miongoni mwa waliotangulia, hawakuishia kutafsiri. Waliwapa wahusika maneno ya Kiswahili cha mtaani, wakaeleza desturi, wakatia utani. Kwa hiyo mteja anaweza kuapa kwamba adui alisema sentensi fulani, na kweli aliisikia, lakini haimo kwenye filamu. Ilitoka kwa mtafsiri.

Nilimwuliza kijana wa Manzese anawezaje kubashiri katikati ya vurugu hizo. Akaniambia hasikilizi hadithi, anasikiliza kitu. "Wakiniambia steringi kalipiza kisasi cha baba yake, hizo ni nusu ya muvi zote humu. Wakiniambia kuna kidoli, kuna saa ya mfukoni, kuna mbwa mwenye jicho moja, hapo nina pa kuanzia." Nadhani amelielewa jambo hili vizuri kuliko wengi. Dokezo zuri ni lile la kitu adimu. Mapenzi na meli vinaweza kuwa katika picha nyingi, lakini kiganja kinachoteleza kwenye kioo cha gari kilichojaa mvuke, ndani ya meli, kinaishia kwa Titanic ya 1997 peke yake.

Baada ya hapo kijana humwuliza mteja, "Uliionea wapi?" Mwanzoni nilidhani ni maongezi tu. Lakini mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley waliwafundisha wapiga mbizi orodha za maneno, nyingine chini ya maji, nyingine nchi kavu, na kwa wastani walikumbuka vizuri zaidi wakiwa pale walipojifunzia. Mama mmoja aliyekaa nami kwenye benchi alikwama kabisa, mpaka alipoulizwa hivyo. Akafumba macho. Ilikuwa kwa shangazi yake Magomeni, kwa deki na kanda, umeme ukakatika, wakangoja hadi usiku wa manane. "Walikuwa wanapiga muziki huku meli inazama! Wale wenye vinanda!" Titanic tena.

Kwenye droo kijana ana daftari la picha zisizopatikana. Anaandika kile mteja anachokumbuka pamoja na namba ya simu, na mtu mwingine akija anamsomea. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja wa siku nyingi, uliozungushiwa kalamu nyekundu: Kihindi, rangi, mvulana na baiskeli, kengele inalia yenyewe. Aliyeuleta alisema aliiona Drive-In Msasani, amelala kiti cha nyuma, na baba yake alikuwa akicheka.