Dawa ya kifafa unameza saa ngapi? Niambie kwanza unalala saa ngapi

Kila siku ya kliniki swali pale dirishani ni lilelile, "hii nameza saa ngapi?", na mtu anataka umtajie saa tu aondoke zake awahi gari. Mimi ni mfamasia, na kabla sijajibu namuuliza unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, unafanya kazi gani, chakula cha kwanza unakipata muda gani. Kuna wanaoniona mbea. Sawa, lakini bila hayo majibu saa nitakayokutajia ni ya kubahatisha tu.

Tuanze na chakula maana hapa ndipo dozi nyingi zinapopotelea. Mtu ameambiwa ameze baada ya kula, basi siku ambayo hajala asubuhi hamezi, anasubiri mchana, mchana ukifika yuko kwenye mihangaiko, anameza usiku, na kesho yake anaanguka alafu anasema dawa haimsaidii. Jamani, dawa za kifafa kama fenobabo, kabamazepini na levetirasetamu unaweza kumeza tumbo tupu na maji tu. Valproeti ndiyo inachafua tumbo kwa baadhi ya watu, na hapo kikombe cha uji au kipande cha muhogo kinatosha, sio mpaka ubwabwa uive. Kati ya kumeza bila kula na kuacha kumeza, meza. Mimi nashauri usiifunge dawa kwenye chakula, ifunge kwenye kitu ambacho kwako hakikosi hata siku pesa haipo: mswaki, swala ya asubuhi, taarifa ya habari ya saa 2 usiku, kufungua banda la kuku. Kuna mama ntilie mmoja anameza kabla hajawasha jiko, na huyo jiko lake haliwezi kukosa kuwashwa.

Alamu ya simu nayo nzuri, ila angalia usiiseti kwa saa za Kiswahili. Mtu anataka saa 2 usiku anaandika 2:00, simu inalia saa 8 usiku nyumba nzima inaamka, kesho anaizima moja kwa moja. Saa 2 usiku kwenye simu ni 20:00, au 8:00 PM.

Sasa kwa nini muda una maana. Dawa mwilini ni kama maji ya simtanki, yanatumika muda wote na wewe unajazia, na kila dawa inapungua kwa spidi yake. Fenobabo inapungua taratibu sana, nusu yake inachukua kama siku 3 mpaka 4 kuisha, ndiyo maana hiyo dawa ya tangu 1912 bado inabeba wagonjwa wengi vijijini kwetu, unameza mara 1 usiku na ukichelewa masaa mawili matatu hakiharibiki kitu. Lakini taratibu hiyohiyo maana yake ukianza leo inachukua wiki 2 mpaka 3 kufika kiwango chake, kwahiyo usije siku ya nne kuniambia haifanyi kazi. Kabamazepini mwili ukishaizoea, nusu inaisha ndani ya masaa 12 mpaka 17 hivi, na levetirasetamu masaa 6 mpaka 8 tu. Hizi mbili ukichelewa unachelewa kweli.

Ndio maana dozi ya 1x3, yaani mara 3 kwa siku, siipendi. Ya asubuhi utakumbuka, ya usiku utakumbuka, ya mchana uko sokoni, uko shambani, uko juu ya bodaboda na vidonge viko nyumbani. Kama cheti chako ni 1x3 na ya mchana inakushinda, usiruke kimyakimya, mwambie daktari, mara nyingi dozi ileile ya siku inaweza kupangwa upya iwe mara 2, au ukapewa kabamazepini ile inayoachia dawa polepole. Hiyo usiitafune wala kuisaga, ukiisaga inaachia yote kwa mkupuo, unaona vitu viwiliviwili na kichwa kinazunguka.

Kwenye usingizi sasa. Kukosa usingizi kunaamsha kifafa hata kwa mtu anayemeza vizuri kabisa, na sisi ni watu wa kukesha: msiba, mkesha wa kanisani, harusi, kigodoro, mtihani. Siwezi kukwambia usiende msibani. Nenda, na vidonge mfukoni, meza saa yako ileile hata kama hujalala, alafu ikifika saa 6 tafuta mkeka ulale hata masaa machache, wenye msiba wataelewa. Na pombe ya harusini ukiichanganya na fenobabo ni hatari zaidi ya kuanguka, inaweza kudidimiza hata pumzi.

Kuna kundi ambalo kifafa chao kinakuja asubuhi wakishaamka. Mara nyingi ni vijana, mikono inashtuka yenyewe, kikombe cha chai kinamtoka, nyumbani wanasema mzembe. Hao vidonge na maji vikae karibu na kitanda, anameza akifumbua macho, hajaenda hata kuoga. Ila zaidi ya muda, hiyo mishtuko lazima daktari aijue maana kabamazepini na fenitoini zinaweza kuizidisha, hapo tatizo ni aina ya dawa, saa utabadilisha mpaka uchoke. Na kama ni binti, mjadala wa kumpa valproeti unahitaji utulivu wake kwa sababu ya madhara kwa mtoto akija kushika mimba.

Walinzi na manesi wa zamu za usiku wananiuliza sana. Usihamishe saa kila zamu ikibadilika. Dawa ya mara 2 baki na saa zako, dozi moja asubuhi na moja jioni, uwe umelala au uko lindoni. Fenobabo ndiyo inayoleta usingizi, kwahiyo mlinzi anayelala mchana siku zote ni bora aimeze asubuhi akitoka lindo, na huko kuhama panga na kliniki.

Ramadhani: mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na kama bado unaanguka mara kwa mara mimi ningekuomba uitumie. Ambaye ametulia na daktari wake kakubali, dawa ya mara 2 inaingia vizuri, daku na futari, maana huku karibu na ikweta saumu ni masaa 13 na ushee mwaka mzima. Ndugu zetu walio Uingereza Ramadhani ikiangukia kiangazi hesabu hiyo haipo, mchana wao unapita masaa 16. Mwenye 1x3 asijipangie mwenyewe.

Wanafunzi wa bweni nitawaandikia siku nyingine, ila matroni apewe jina la dawa na saa kwa maandishi, na prepu ya alfajiri huyo mtoto asamehewe.

Ukisahau dozi, meza ukikumbuka. Kama imebaki muda mfupi kufika inayofuata, iache iliyopita, endelea na ratiba, usimeze mara mbili kufidia. Na dawa zikiwa zimebaki za wiki moja njoo, usisubiri kopo liishe, kukatiza ghafla hasa fenobabo kunaleta kifafa cha mfululizo kisichokata, na hicho kinaua.

La mwisho wanaloniuliza ndugu: kaanguka saa 10 alfajiri, tumpe ya asubuhi mapema? Akiwa bado hajazinduka usiweke kitu mdomoni, si kidonge, si maji, si kijiko. Mlaze ubavu, angalia saa, ikipita dakika 5 anatikisika au anaunganisha kingine kabla ya kuzinduka, tafuteni gari mwende hospitali. Akiamka, akili imerudi, anameza mate vizuri, anakujibu jina lake, muache apumzike, na saa yake ikifika mpe dozi yake ya kawaida.