Mtoto wa wilchea na somo la Muziki na Dansi: wazazi na walimu, hebu tuelewane

Tangu wanafunzi wa kwanza wa Gredi 10 waingie Sekondari Pevu hapa Kenya Januari 2026, malalamiko tunayoletewa ni yaleyale. Mtoto amechagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, anataka Muziki na Dansi, halafu anaambiwa atafute somo lingine kwa sababu anatumia wilchea au mkono mmoja hauna nguvu. Najua wengi hawana nia mbaya, mwalimu anamhurumia tu. Lakini huruma si kigezo cha kumchagulia mtu masomo.

Eti atadansi vipi? Kwani dansi ni miguu peke yake? Tazameni isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, mabega ndiyo yenye kazi pale.

Tuje kwa ala. Rikoda, ile filimbi ya shule karibu kila mtoto amepitia, mashimo ya juu yanazibwa na mkono wa kushoto, na kwa huo mkono pekee unapata G, A, B, C na D, noti tano, zinatosha nyimbo nyingi tu za darasani. Shida ya mtoto asiye na mkono wa kulia ni kushikilia, kwa sababu dole gumba la kulia ndilo hubeba ala, kwa hivyo mtafutie stendi au kamba ya shingoni. Kama mkono mzima ni wa kulia, huo ndio uzibe mashimo ya juu, mashimo hayajui ni mkono gani. Kayamba nayo inaweza kulazwa mapajani ikagongwa kwa vidole. Felix Klieser, Mjerumani aliyezaliwa 1991 bila mikono, anapiga honi (French horn, ala ya kupuliza) kwa vidole vya mguu wa kushoto, ala ikiwa kwenye stendi. Simtaji ili mkamwambie mtoto "mbona huyu ameweza", hiyo nayo tuiache.

Kwa waimbaji: mkanda wa wilchea ukikaza tumboni pumzi inakuwa fupi, na mwalimu anadhani mtoto hana sauti. Ila msiulegeze kiholela, kuna watoto ambao huo mkanda ndio unawashikilia wasianguke, ulizeni fiziotherapisti kwanza.

Sasa makaratasi ya kumwombea mtoto marekebisho kwenye mtihani, na hapa ndipo watu wanateleza kila mwaka. Mtoto aletwe kwetu EARC, kituo cha tathmini ya elimu, yeye mwenyewe, si picha ya mkono kwa WhatsApp, tafadhali sana, aje na cheti cha kuzaliwa, barua ya shule, ripoti za hospitali kama zipo, na mwalimu wa muziki aandike hata mistari mitatu kuhusu kinachomshinda na anachokiweza, kwa sababu ripoti inayosema tu "ana ulemavu wa viungo" haimsaidii mtahini kujua afanye nini. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine kwa mzazi. Halafu mkuu wa shule aonyeshe mahitaji hayo KNEC (baraza la mitihani) wakati wa USAJILI, narudia, usajili, sio wiki ya praktiko (mtihani wa vitendo) ndio simu zinaanza kulia. Na kadi ya NCPWD (Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu) ni kitu tofauti, haichukui nafasi ya ripoti ya tathmini, hata kama umeilaminisha.

Shule ikimkataa mtoto, mzazi aombe jibu kwa maandishi, asiondoke na maneno ya getini. Katiba kifungu cha 54 inampa haki ya kusoma, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003, kwa hivyo mwalimu mkuu anayejitetea na karatasi za zamani ajue hilo. Malalamiko yapelekwe Bodi ya Elimu ya Kaunti, na hiyo barua ya kukataliwa iambatanishwe. Hatusemi kila shule itapata ala maalum kesho, tunasema isimfungie mtoto mlango kabla hajajaribu.

Na mkija kwa tathmini, bebeni ala yenyewe anayotaka kupiga. Tukimpima kwa kushika kalamu tu, ripoti yake itazungumzia kalamu.