Pleti Nyeusi za Kale: Yanayosemwa Gereji na Yaliyo Kweli

Peugeot 504 iliyokuwa ikibeba abiria kati ya Kisumu na Nakuru. Land Rover iliyoachwa na setla kwenye banda kule Njoro. Volkswagen Beetle ya mwalimu mstaafu wa Kakamega, imekaa chini ya mwembe mpaka kuku wakaifanya kiota. Magari haya yamepata wapenzi upya. Watu wanayanunua, wanayafufua, na pamoja nayo wanasaka zile pleti nyeusi zenye maandishi meupe, iwe ni kwa fundi wa Shabab au kwa muuza skrepa wa Kibuye.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mengine yametoka kwenye video za Marekani na Uingereza, mengine ni ya madalali, na mengine hakuna anayejua yalikotoka. Karibu yote yana kasoro moja: yanaichukulia pleti kana kwamba inajitegemea. Kenya namba ni ya gari, yaani ya chesi na faili yake. Kile kibati kinatangaza tu kilichoandikwa kwenye faili.

"Ukipata pleti ya mwaka wa gari lako, ifunge tu"

Hii ni kweli, lakini si huku. Majimbo kadhaa ya Marekani humruhusu mwenye gari la kale kusajili pleti halisi iliyotolewa mwaka ule gari lilipoundwa. California wana mpango huo, na Texas pia, ambako gari sharti liwe na umri wa miaka 25 au zaidi. Na hata huko mtu hafungi tu akaondoka. Pleti iwe ya jimbo lile lile, iwe ya mwaka unaolingana na gari, isomeke vizuri, na idara ihakikishe namba hiyo haitumiki na gari jingine. Ikishakubaliwa, inaingizwa kwenye rekodi ya gari lako, na kuanzia siku hiyo ndiyo namba yako.

Uingereza wao wana njia yao. Gari la kale ambalo namba yake ya kwanza ilipotea kwenye kumbukumbu za DVLA, idara yao ya usajili wa magari, linaweza kurudishiwa namba hiyo, mradi mwenyewe alete ushahidi wa maandishi wa enzi hizo. Na pleti nyeusi zenye maandishi ya fedha wanaruhusu kwa magari yaliyoundwa kabla ya 1980.

Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, huyagawa magari kwa aina na kazi: ya binafsi, ya biashara, trekta, pikipiki, trela. Haina chumba cha wazee. Ukinunua pleti ya namba ya mtu mwingine sokoni ukaifunga kwenye Datsun yako, hujarudisha historia. Umelivisha gari lako jina la gari jingine, na hilo ni kosa la jinai, hata kama lile gari jingine lilishakatwakatwa likawa masufuria. Ukutani sebuleni pleti hiyo haina neno. Barabarani, askari wa trafiki akiiingiza namba kwenye simu akaona imesajiliwa kwa lori la Bedford, utaeleza mpaka jioni.

"Namba ya zamani imeisha muda"

Namba haiishi muda. Gari lililosajiliwa kabla ya 1989 kwa herufi tatu na tarakimu zisizozidi tatu bado lina namba yake ile ile. Linalobadilika ni umbo la pleti. Serikali ilipozindua pleti za kizazi kipya mwaka 2022, zenye alama za usalama na zinazotengenezwa katika Gereza la Kamiti, mwenye gari alitakiwa kubadilisha kibati, siyo namba. Kwa hiyo anayekwambia "leta gari nikutafutie namba mpya, hii imekufa" anatafuta pesa zako.

Ila usiende upande wa pili ukadhani weusi wa pleti ni kinga. Rangi za leo kwa gari la binafsi ni nyeupe mbele na njano nyuma. Ninavyoona mimi, la busara ni kuagiza pleti za sasa kwa namba ile ile kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kisha zile nyeusi za asili uzisafishe na kuzihifadhi. Siku ya maonyesho, gari likiwa limesimama uwanjani, ziweke kando ya boneti watu wapige picha.

"KAA ni ya mkoloni"

Dalali ana pleti inayoanza na KAA, anataka bei ya dhahabu. Angalia mwisho wake. Ikiwa na herufi baada ya tarakimu, basi ni ya mfumo ulioanza 1989, na haina ukale wowote wa kujivunia. Herufi ya mwisho iliongezwa kwa sababu namba zilikuwa zinakwisha: bila hiyo, kila kundi la herufi tatu linatoshea magari 999 tu, ikiwepo, na ukiruka I na O, unapata karibu magari 24,000.

Jambo la pili, namba haisemi gari liliundwa lini. Inasema lilisajiliwa lini Kenya. Gari la miaka ya 70 lililoingia nchini likiwa limeshatumika linaweza kuwa na namba ya miaka ya 90, na bado ni la miaka ya 70. Umri wa gari unausoma kwenye chesi na kwenye kibati cha mtengenezaji.

Na huku kwetu magharibi, karibu na Busia na Malaba, pleti nyingi za kale zinazouzwa huanza na U. Hizo ni za Uganda, na za Tanzania zilianza na T. Kwa mkusanyaji ni vitu vizuri, na bei yake mara nyingi ni nafuu. Ila usiuziwe ukiambiwa ni "toleo adimu la Kenya".

"Gari ninalo, pleti ninayo, logibuku itapatikana tu"

Hapa ndipo wengi huzama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sheria humhesabu aliyeandikwa kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na gari likishauzwa, mwenye kuuza ana siku 7 za kumjulisha msajili, na mnunuzi haruhusiwi kulitumia barabarani zaidi ya siku 14 bila kusajiliwa kuwa mwenyewe. Sasa chukua Land Rover ya Molo. Setla alimuuzia mkulima, mkulima akampa mwanawe, mwanawe akamuuzia fundi kwa karatasi ya daftari yenye sahihi tatu. Kwenye faili jina bado ni la yule wa kwanza. Wewe unamlipa fundi, fundi anakupa ufunguo, na wote wawili mnaamini biashara imekamilika.

Kabla ya kutoa shilingi, tafuta kumbukumbu za gari kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa namba yake ya usajili. Utaona limesajiliwa kwa nani, na namba ya chesi na ya injini. Magari mengine ya kale hayamo kwenye mfumo wa kompyuta kwa sababu hayakuwahi kuguswa tangu enzi za makaratasi; hapo logibuku halisi, yaani hati ya usajili wa gari, hata ikiwa imeliwa na mchwa pembeni, ina thamani kuliko magurudumu manne mapya. Muuzaji akisema ilipotea, yeye ndiye aende polisi achukue abstrakti, ile karatasi ya kuthibitisha ameripoti upotevu, na yeye ndiye aombe nyingine. Usikubali kuibeba kazi hiyo baada ya kulipa.

Aliyeandikwa akiwa amefariki, watu husema barua ya chifu inatosha. Haitoshi. Barua ya chifu hutambulisha warithi, ni hatua ya kwanza tu. Lazima mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kwa kawaida idhini huthibitishwa baada ya miezi 6. Baada ya hapo ndipo msimamizi anaweza kukuhamishia gari kihalali. Mama mjane wa Ahero anaweza kuwa mkweli kabisa na bado asiwe na uwezo wa kukuuzia. Mpe arubuni ndogo kwa mkataba ukitaka, saidieni gharama za wakili, lakini usimalize bei.

Na kama gari ni la kampuni iliyofutwa kwenye daftari la makampuni, mali iliyobaki huenda kwa serikali, siyo kwa mlinzi aliyeachiwa funguo za bohari. Magari ya namna hiyo mimi huyapita, hata yakiwa mazuri namna gani.

Sasa piga magoti. Kwenye Beetle, inua kiti cha nyuma uondoe vumbi: namba ya chesi imegongwa kwenye ule mgongo wa sakafu unaopita katikati ya gari. Tumia kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo na burashi laini, kisha upige picha kwa mwanga wa pembeni ili tarakimu zijitokeze. Ilinganishe na logibuku herufi kwa herufi. Ukiona chuma kimesuguliwa kikang'aa hapo penye namba tu, au tarakimu hazikai kwenye mstari, rudisha kiti, msalimie mwenye gari, nenda zako. Na mwambie fundi wako mapema kwamba grainda haifiki hapo kwa sababu yoyote.

"Injini ni yangu, nibadilishe nipendavyo"

Land Rover nyingi za mashamba ya Bonde la Ufa zinatembea na injini ya Toyota, na mafundi wetu huifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Lakini namba ya injini iko kwenye rekodi, na rangi pia. Ukibadilisha, unamjulisha msajili, gari linakaguliwa, rekodi inarekebishwa. Stakabadhi ya ulikonunua injini uihifadhi, kwa sababu ndiyo itakayoulizwa kwanza.

"Ipake rangi upya, itauzika ghali"

Mkusanyaji hulipia rangi ya kwanza, hata ikiwa imechubuka. Osha pleti kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha, basi. Usipige sandpepa. Anayetaka pleti inayong'aa si mkusanyaji, anatafuta pambo la baa.

Zaidi ya hayo, kuchubuka ndiko kunakokuthibitishia kwamba kitu ni halisi. Igeuze. Matundu ya boliti ya pleti iliyotumika miaka mingi huwa yamepanuka upande mmoja kwa mtikisiko, na kuzunguka kila tundu kuna duara la kutu pale washa ilipokaa. Nyuma yake kuna matope magumu yaliyojaa kwenye mikunjo ya herufi zilizogongwa. Zile zenye tarakimu zilizofungwa kwa ribiti, tazama kama ribiti zote ni za aina moja. Pleti iliyozeeshwa kwa asidi wiki iliyopita huzeeka sawasawa kila mahali, na matundu yake ni mviringo safi. (Wala usidhani kila pleti ya kale ni bati. Wakati wa Vita vya Pili, chuma kilipoadimika, jimbo la Illinois lilitengeneza pleti za ubao uliotokana na soya, na wanyama wakawa wanazitafuna.)

Dai risiti kwa muuza skrepa. Tangu Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, biashara hiyo ni ya leseni na kumbukumbu. Pleti za GK za serikali na zile nyekundu za mabalozi ziache huko huko.

"EAK ni pleti ya kikoloni"

Si pleti kabisa. Ni alama ya duaradufu ya nchi, ya kubandika gari linapovuka mipaka: EAK Kenya, EAU Uganda, EAT Tanzania, EAZ Zanzibar. Kenya bado inaitumia. Iliyo ya enameli ya zamani inapendeza kweli, lakini usiilipie bei ya namba.

"Gari likifika miaka 40 halikaguliwi, halilipi kodi"

Hiyo ni Uingereza, ambako gari la umri huo likisajiliwa kama la kihistoria halilipi kodi ya barabara, na tangu 2018 mengi hayahitaji ukaguzi wa kila mwaka. Hapa sheria inaelekea kinyume: kadiri gari linavyozeeka ndivyo linavyohitaji kukaguliwa, na magari yaliyopita miaka 4 yametajwa waziwazi. Bima ya watu wengine chini ya Sura ya 405 ni lazima hata kwa gari linalotoka Jumapili moja kwa mwezi kwenda Hippo Point. Bima kubwa ndiyo ngumu, kwa kuwa kampuni nyingi hukwepa magari makuukuu. Tafuta itakayokubali tathmini ya mthamini kabla ya kuandika mkataba, vinginevyo Peugeot uliyoitia jasho italipwa kwa bei ya skrepa.

Na wale wanaosema "ikishindikana nitaagiza nyingine Japani", kiwango cha KS 1515 kimeweka kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Ndiyo maana bei ya zile zilizomo mabandani Rongai na Kitale inapanda kila mwaka.