Glaida nyepesi haiendi mbali zaidi

"Nikipunguza kilo kumi itateleza mbali zaidi." Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, na kijana aliyeniletea michoro ya glaida, yaani ndege isiyo na injini, ya mtu mmoja. Mhimili wa bawa, boriti inayolibeba, alikuwa ameuchonga ukawa mwembamba mpaka nikaogopa. Nimechoka kulijibu jambo hili kila mara, basi naliandika.

Katika hewa tulivu, uzito hauamui utafika wapi. Kinachoamua ni nguvu ya kuinua ukiilinganisha na ukinzani wa hewa, na hayo yamo kwenye umbo. Glaida PW-5 ya Poland, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1993, husonga takriban mita 32 kwa kila mita moja inayoshuka. Akae rubani wa kilo 60 au wa 90, uwiano ni uleule. Kinachobadilika ni mwendo wa kuupata. Uzito wote ukiongezeka maradufu, mwendo huo hupanda kwa asilimia 41. Ndiyo maana marubani wa mashindano hujaza maji mabawani, mara nyingi lita 100 na zaidi, wakayamwaga kabla ya kutua. Wepesi ungekuwa ndio umbali, nani angebeba farumi ya maji, mzigo wa kuongeza uzito tu?

Itazame glaida Carbon Dragon ya Jim Maupin, Mmarekani. Mabawa yake yana takriban mita 13.4, karibu sawa na ya PW-5, lakini tupu ina kilo 66 hivi, mwenzake 190. Uwiano wake ni 25. Maupin hakukosea: alitaka ndege ya kuzunguka polepole, kwa duara dogo, ndani ya hewa ya moto inayopanda kwa unyonge, na hapo wepesi ni mali kweli. Gharama yake utaijua ukikutana na upepo wa omo, ule unaokujia kutoka mbele. Unateleza kwa kilomita 60 kwa saa, upepo ni 30: nusu ya umbali imepotea. Anayeteleza kwa 90 hupoteza theluthi tu.

Wengine husema kilo 70 za glaida tupu ndizo kipimo bora. Hizo ni pauni 155 za kanuni ya Marekani kwa vyombo vyepesi vya kuruka visivyo na injini. Ni mpaka wa kisheria, haukutoka kwenye hesabu ya mabawa.

Eti nyepesi ni dhaifu? Nyuzi za kaboni zikilazwa sawasawa hubeba mzigo mkubwa kwa uzito mdogo. Udhaifu huletwa na mkono wa mjenzi.

Na hili la "rubani mwembamba ndiye bora" ni la hatari. Rubani hukaa mbele ya kitovu cha uzito. Akiwa mwepesi mno, kitovu hurudi nyuma, na glaida ikianza kuzunguka kama pia huenda isitoke. Mkia nao: gramu 100 zilizo mita 4 nyuma ya kitovu hudai gramu 400 mita 1 mbele yake ili kusawazisha. Kwa hiyo chonga mkia kwanza, mhimili uuache. Kisha jipime ukiwa umevaa parachuti, na kinachopungua kwenye uzito unaotakiwa kijazie vipande vya madini ya risasi kwenye pua ya glaida.